Mpe Felisiani Ruhusa Yake

Nyumba za Wafanyakazi, Chuoni,
Kasulu, Kigoma.
14 Septemba 2014

Mpendwa mpwa wangu Yusta,

Salamu unazozipokea leo si za yule mjomba wako wa siku zote. Ni salamu za mtu mwenye bahati, kwa hiyo zipokee kwa mikono miwili, na kama umesimama, kaa. Nimechaguliwa! Chuo kinanipeleka Dar es Salaam kusomea usimamizi wa usafirishaji, miezi mitatu, nalala hosteli, napikiwa, nafuliwa mashuka. Katika madereva wote wa mkoa huu jicho limetua kwa Leonidasi. Athuman fundi wa pale sokoni ameshapima suti, kijivu, ya vifungo viwili. Nikirudi sitaitwa dereva tena, nitaitwa Afisa, na wewe utanitambulisha hivyo hivyo kwa wenzako wenye digrii.

Haya, sasa tusalimiane kama watu. U hali gani, mama? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya Songea kimeachia? Mumeo Marcel naye hajambo? Na watoto, wanakula? Niliambiwa mdogo anakataa ugali anataka wali tu. Mlete huku kwa bibi yake wiki moja, atakula mpaka majani ya muhogo.

Sisi tu wazima. Mama yako Ernesta nilimkuta Kitanga Jumapili iliyopita, anaandaa shamba, anasubiri mvua ianze apande maharage. Goti bado linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Alianza kunigombeza nilipozima pikipiki, akamaliza nilipoiwasha kuondoka. Kosa langu ni kwamba nimenenepa, eti mtu mwenye dada mgonjwa hanenepi. Mke wangu Esteri naye yupo, anauza mgahawani kwake, anakusalimu sana.

Barua yako ilinifika. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza, na hili ni jambo la kusema mpaka mwisho. Unaniambia tangu upewe ukuu wa idara kazi haisogei, wakufunzi wanaingia darasani kama wanakwenda kuhani msiba. Tena huyo Felisiani, fundi sanifu wa maabara yako, amepata nafasi ya kwenda kusomea shahada, na mwisho wa mwezi huu unatakiwa useme ndiyo au hapana. Unaelekea kusema hapana, kwa sababu yule uliyemruhusu kabla yake alikwenda na hakurudi. Ukamalizia kwa kusema unaniuliza mimi kwa sababu ni mtu niliyekaa vyuoni muda mrefu bila kusoma. Hapo nilicheka mpaka Esteri akatoka jikoni kuangalia nimepatwa na nini. Ni kweli lakini. Chuoni nimekaa kuliko wasomi wengi, ila mimi nakaa upande wa usukani.

Sasa nikueleze niliyoyaona kutoka upande huo, kisha uamue mwenyewe.

Zamani hapa kwetu, kabla ya huyu mkuu wa chuo tuliye naye sasa, mafunzo yalikwenda kwa zamu. Zamu ya umri kazini, yaani aliyeanza kazi kwanza ndiye anayekwenda kwanza, kama foleni ya chakula msibani. Semina ikija haiulizwi ni ya nini, linaulizwa jina linalofuata. Ndipo ikaja ya hadubini, vile vyombo vya kutazamia vijidudu. Chuo kilikuwa kimepata hadubini mpya, bado ziko kwenye maboksi yake, na watu wa wizara wakasema leteni mtu Mwanza afundishwe kuzitumia na kuzitunza. Zamu ikamwangukia Mzee Sylvesta. Mzee Sylvesta alikuwa anafundisha historia, tena amebakiza kidogo kustaafu.

Akaenda. Aliporudi nikampokea mimi stendi, ana mkoba mpya, kofia mpya na picha ya pamoja. Njiani nikamuuliza, "Mzee, umejifunza nini huko?"

Akafikiri. "Leonidasi," akasema, "hoteli ile ina maji ya moto asubuhi na jioni."

"Na hadubini?"

"Zilikuwepo. Zimepangwa vizuri."

Hiyo ndiyo elimu iliyotufikia. Mzee wa watu hana kosa, alikwenda alikoelekezwa. Zile za kwetu zikabaki stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa mkuu, na mkuu alikuwa msafiri kunipita mimi. Mvua zetu unazijua. Zilipofunguliwa zilikuwa zimeota ukungu kwenye vioo. Wanafunzi waliofanya mtihani wa vitendo mwaka ule walikuwa wameiona hadubini ubaoni, imechorwa kwa chaki. Siku ya mtihani wapo waliochungulia upande wa chini. Wengi walianguka, na watu wakasema watoto wa siku hizi hawana akili.

Alikuwepo pia mkufunzi wa baiolojia anaitwa Lusajo, kijana wa Tukuyu, mrefu, mpole. Alikuwa anafundisha kama mtu anayesubiri basi. Anaingia na koti, anasoma daftari lake la zamani, wanafunzi wanaandika, anatoka na koti. Kila nikienda Kigoma mjini ananishika mkono: "Mjomba, ukisikia habari ya uhamisho unikumbuke." Mimi kwa kujua kwangu dunia nilikuwa namwambia habari zinakuja, tulia. Sikuwa na habari yoyote, lakini kijana alihitaji kitu cha kushikilia.

Halafu akaja Mama Aneth, mkuu mpya, mtu wa Bukoba, mfupi, sauti ya chini mpaka unainama kumsikia. Kikao chake cha kwanza aliita watu wote, na akisema wote ni wote, mpaka wapishi na sisi wa magari. Akauliza swali moja tu: "Kazi yako inakwama wapi?" Tulitazamana kama tumeulizwa nani ameiba kuku. Hakuna aliyewahi kutuuliza kitu kama hicho. Ndipo Nduwayezu, yule mtunza maabara, mtoto wa waliovuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mwenye mdomo usiojua kupunguza, akasimama.

"Mama, amahoro. Mimi ni mtunza maabara. Maabara yenyewe sijaingia tangu Pasaka."

"Kwa nini?"

"Ufunguo mnao nyinyi wakubwa. Mimi natunza mlango."

Watu wakaangua kicheko. Mama Aneth hakucheka, aliandika.

Mafunzo ya hadubini yalipotangazwa tena Mwanza, akawapeleka Lusajo na Nduwayezu. Hapo ndipo chuo kilipochafuka. Mwalimu Tharsisi wa hisabati, aliyekuwa anafuata kwenye ile foleni, alikwenda ofisini mlango ukiwa wazi, nami nipo nje nasubiri saini ya mafuta, nikasikia yote.

"Mkuu, zamu ilikuwa yangu!"

"Zamu ya nini, mwalimu?"

"Ya kwenda."

"Kwenda kufanya nini?"

Nilimwonea huruma. Mtu amesubiri miaka, halafu anaulizwa anachokisubiri hakijui. Lakini Mama Aneth hakumwacha hivyo. Alimwambia akae chini, waandike pamoja kitu anachotaka kukijua cha kufundishia hisabati, na akakitafutia nafasi baadaye. Hiyo nitairudia.

Kwanza nikwambie ya chungu. Nduwayezu ndiye aliyemweleza Mama yule wa Kihaya kwamba huku kwetu mtu akirudi kutoka mbali hakai na habari zake peke yake. Chungu kinawekwa katikati, mirija inatiwa, mwenye chungu anavuta kwanza watu wote wakimtazama, wajue hakuna kibaya ndani, ndipo wengine wanainama. Wewe umekulia Kitanga, umeiona kwa babu yako. Mama Aneth akaipenda, akaigeuza sheria ya chuo. Anayerudi mafunzoni ana Ijumaa yake. Chungu cha togwa kinawekwa ukumbini, yeye anavuta kwanza, kisha anatufundisha alichofundishwa, sote, na anaulizwa maswali mpaka chungu kiishe. Pombe ya ndizi tulinyimwa, hilo bado naliombea.

Ijumaa ya Lusajo na Nduwayezu ilikuwa ya kwanza. Walibishana wao kwa wao mbele yetu, huyu anasema kioo kinafutwa hivi, huyu anasema hapana, na sisi tukawa tunashangilia kama mpira. Mimi nikachungulia maji ya kisima chetu. Yusta, tangu siku ile sinywi maji yasiyochemshwa, na Esteri anasema ndiyo faida pekee aliyoipata kwa mume kufanya kazi chuoni. Nikamwona Mzee Sylvesta naye anachungulia, kakunja jicho moja, anatabasamu. Akasema, "Kumbe ndicho walichokuwa wanatuonyesha kule." Tulicheka naye, hatukumcheka.

Baada ya hapo Mama Aneth akampa Lusajo ufunguo wa maabara, na kitu kikubwa kuliko ufunguo: safari za mafunzo ya vitendo apange mwenyewe bila kuja kuomba. Na Lusajo alipoonja uhuru akawa kama ndama aliyefunguliwa kamba. Koti likapotea. Mara yeye na wanafunzi wako bondeni na nyavu, mara wako kwenye mashamba.

Mwezi wa pili akataka kuwapeleka wanafunzi Murungu, kule wilaya ya Kibondo, kutazama ugonjwa wa batobato kwenye muhogo. Mbingu upande wa Kibondo ilikuwa nyeusi. Majaliwa, dereva wa pili, kijana wangu niliyemfundisha gari mwenyewe, akasema tuahirishe. Lusajo akasema tutarudi mapema. Nami nikasema lori hili na mimi tumeshavuka matope ya Kongo, twendeni.

Tulifika. Walitazama majani, walichora, walihesabu mimea, hata mimi nikajua jani lililokunjamana linasema nini. Mwenye shamba, mzee mmoja anaitwa Niyomwungere, alikuwa anatufuata nyuma na fimbo. "Walimu, mmekuja kuusoma muhogo wangu au kuukanyaga?" Lakini mwisho yeye ndiye aliyekuwa anauliza maswali kuliko wanafunzi, na Lusajo akamjibu yote amechuchumaa tope mpaka magotini.

Kurudi, mvua ikatushukia. Lori likazama mpaka ekseli. Yale matope ya Kongo, kumbe, hayakuwa na undugu na ya Murungu. Niyomwungere akaleta majirani, kamba na magogo ya migomba, tukasukuma mpaka giza likaingia, lori halikutoka. Wanafunzi wakalala kwenye madarasa ya shule ya msingi, wakapikiwa maharage na watu wasiowajua. Hakuna aliyeumia. Lakini wazazi walipiga simu chuoni wakilia, na mpaka tunarudi kesho yake mchana habari ilikuwa imeshamfikia mjumbe mmoja wa bodi, mtu wa sauti.

Nikaitwa kwenye kikao kama shahidi. Mjumbe akasema maneno mengi, mwisho akasema, "Mnyang'anyeni huyu ufunguo. Ndiyo matokeo ya kuwaachia watoto mambo ya wakubwa." Lusajo hakungoja. Alikuwa ameshautoa mfukoni na kuuweka mezani. Nilimwona uso wake, ni ule ule wa mtu anayesubiri basi. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha mpoteza.

Mama Aneth akautazama ule ufunguo. Akauliza wanafunzi walichoandika huko Murungu. Lusajo akamwonyesha. Akafungua karatasi moja moja, bila haraka, mjumbe anahema pembeni. Kisha akausukuma ufunguo kwa kidole, ukarudi upande wa Lusajo.

"Safari ijayo ni lini, mwalimu?"

Lusajo akauokota ufunguo.

"Panga. Na safari hii mtu akisema mvua, msikilizeni."

Mpwa wangu, nimeendesha mawaziri, nimekula samaki Bujumbura na maini Kampala, lakini sijawahi kuona ukubwa kama ule. Kutoa ufunguo siku ya furaha ni rahisi. Yule aliurudisha siku ya tope. Na wenzake wote waliokuwa mle ndani waliona. Kuanzia siku ile watu wakaanza kujaribu mambo. Mpishi mkuu akabadilisha ratiba ya chakula ili wanafunzi wasichelewe darasani, bila kumwuliza mtu. Nduwayezu akafungua maabara jioni kwa wanaotaka kurudia. Lusajo hajaniuliza tena habari ya uhamisho. Amemleta mke wake, na mwezi uliopita aliniomba nimtafutie kiwanja.

Matokeo ya vitendo yalipotoka mwezi wa saba, sitakwambia wote walifaulu, wapo walioanguka, na mmoja ni mtoto wa jirani yangu. Lakini mwaka huu waliofaulu ndio wengi, na walimu wa shule za huku wanasema wanaokwenda kwao kwa mazoezi wanajua kushika vitu.

Sasa nirudi kwa Tharsisi, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo. Alipelekwa, akasoma, akarudi, Ijumaa yake ilikuwa tamu mpaka nikaelewa sehemu, mimi niliyeishia kidato cha pili. Alikaa muhula mmoja. Kisha akapata kazi Dodoma, akaondoka. Ndiyo. Kama yule wako. Mama Aneth aliumia, nilimwona nilipompeleka nyumbani jioni ile. Lakini alichotufundisha Tharsisi Ijumaa ile tunacho, wenzake wanakifundisha mpaka leo. Hakuondoka nacho.

Nimeyawaza haya sana nikiwa garini, maana kazi yangu nusu ni kuendesha na nusu ni kungoja watu. Mafunzo peke yake ni picha ya Mzee Sylvesta ukutani. Ufunguo peke yake ni tope la Murungu. Vyote viwili, na mtu wa kukusimamia siku unapokosea, ndipo kazi inasogea. Usinicheke, hii sikuikuta kitabuni, ningeikuta ningeiandika vizuri zaidi.

Kwa hiyo huyo Felisiani mpe ruhusa yake. Lakini usimpe tu na kumwambia nenda. Mwite, mketi, mwambie akirudi utamwachia nini afanye kwa akili yake. Asikute mtu mwingine amekalia kiti chake. Utasema, mjomba, na asiporudi? Huenda asirudi. Lakini utakayemzuia naye ataondoka, Yusta, kitakachobaki ni mwili unaosaini kitabu cha mahudhurio. Na hao wengine unaosema wanaingia darasani kama msibani, wanamtazama Felisiani. Wanataka kuona utafanya nini.

Mkono umechoka, usukani ni mwepesi kuliko kalamu. Msalimie Marcel, mwambie deni lake la kunishinda bao lipo palepale. Wabusu watoto. Mama yako anasema ukipata likizo usipitie kwa watu, uje moja kwa moja Kitanga. Majaliwa naye anakusalimu, anakukumbuka ulivyomsaidia hesabu alipokuwa kidato cha nne. Mungu akufungulie njia kazini, awape watu wako mioyo ya kupenda kazi, na akupe wewe moyo wa kuwaamini.

Ni mimi marume wako, mjomba nikupendaye tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni,

Leonidasi

Yusta, nilikuwa nimeshaibandika bahasha, nimeifungua tena. Sikuchaguliwa. Ile ya Dar niliyoanza nayo ni uongo. Mama Aneth alitaja jina langu, watu wa Dar wakataka cheti cha kidato cha nne, sina. Nilipokuwa kijana kule kwenye magari, hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia nenda ukasome, nafasi yako tutakutunzia, na mimi sikujua kwamba kitu kama hicho kinaombwa. Anakwenda Majaliwa. Jumatatu nampeleka stendi mimi mwenyewe. Suti ya kijivu ni yake. Mimi nilimshikia fundi futi ya kupimia tu.